Wimbo Unaong'ang'ania Kichwani: Kumbukumbu, Maana na Matumizi ya Nyimbo Katika Elimu ya Umma na Ufundishaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hali ya wimbo, au kipande chake, kujirudia akilini mwa mtu bila yeye kuuita. Yanapitia matokeo ya tafiti za kisaikolojia kuhusu chanzo cha hali hiyo, sifa za nyimbo zinazoelekea kung'ang'ania na njia za kuziondoa. Kisha yanayahusisha matokeo hayo na matumizi mawili ya nyimbo katika nchi za Maziwa Makuu: uhamasishaji wa afya, na ufundishaji wa Kiswahili kwa wasio wazawa wa lugha hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba wimbo ulioganda huhifadhi umbo la maneno kabla ya maana yake, na kwa hiyo kukumbukwa kwa wimbo hakuwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba ujumbe wake umeeleweka.

Jina na mipaka ya hali yenyewe

Msemaji wa Kiswahili hana nomino moja ya kuitaja hali hii, lakini hakosi vitenzi. Wimbo humkaa mtu kichwani, humganda, humng'ang'ania, au hukataa kumtoka. Aghalabu si wimbo mzima. Huwa ni kiitikio, au nusu ya kiitikio, chenye kuzunguka na kurudi palepale kilipoanzia. Wajerumani wana neno Ohrwurm, yaani mdudu wa sikio, ambalo Kiingereza na Kifini zimelitafsiri kipande kwa kipande. Wanasaikolojia, kwa desturi yao, wamechagua jina refu zaidi, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuwa "taswira ya muziki isiyo ya hiari". Humu litatumika jina la wimbo mng'ang'anizi. "Wimbo mgando" lingekuwa jina fupi zaidi, ila lingempeleka msomaji kwenye kibuyu cha maziwa.

Mambo mawili hayana budi kutengwa na hali hii. La kwanza ni maruweruwe ya kusikia, ambapo mtu huamini kwamba muziki unatoka nje yake. Mwenye wimbo mng'ang'anizi hana shaka kwamba redio imezimwa. La pili ni kuukumbuka wimbo kwa makusudi, kama afanyavyo mwanakwaya anayejiandaa kuimba. Tofauti hapo iko katika hiari tu, kwa kuwa kinachosikika akilini kinaweza kuwa kilekile.

Hali hii si ugonjwa, wala si ya wachache. Katika uchunguzi uliofanywa kwa njia ya intaneti nchini Ufini na kuchapishwa na Lassi Liikkanen mwaka 2012, zaidi ya watu 12,000 walijibu, na karibu tisa katika kila kumi walisema huipata angalau mara moja kwa wiki. Fasihi iliitambua kabla ya maabara: mwaka 1876 Mark Twain alichapisha hadithi ya mtu aliyesoma gazetini ubeti kuhusu utobozi wa tiketi, akashindwa kufanya kazi yoyote kwa siku kadhaa, hadi alipofanikiwa kumwambukiza rafiki yake mchungaji.

Jinsi wimbo unavyorudi

Maelezo yanayokubaliwa na wengi huanzia kwenye kumbukumbu tendaji, dhana iliyofafanuliwa na Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974. Kumbukumbu hiyo ndiyo benchi ambalo akili huwekea vitu inavyovishughulikia kwa wakati huo. Sehemu yake moja, iitwayo kitanzi cha kifonolojia, hushikilia sauti kwa sekunde chache na kuzirudia kwa namna ya kuzitamka kimyakimya. Mtu anayetajiwa namba ya simu akaishika kichwani mpaka aipate kalamu anakitumia kitanzi hicho. Kipande kifupi cha wimbo, chenye maneno machache na mwisho unaorudisha mwanzo, kina ukubwa unaokitosha kitanzi hicho vizuri, na hakihitaji nguvu ya mtu ili kiendelee kuzunguka.

Ubongo nao hushiriki kwa njia inayofanana sana na kusikia kwenyewe. Mwaka 2005 David Kraemer na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki walisikilizishwa nyimbo zilizokatwa vipande na kuachiwa nafasi za kimya. Nyimbo zilipokuwa zinafahamika, maeneo ya ubongo yanayohusika na usikivu yaliendelea kufanya kazi wakati wa ukimya, na washiriki walieleza kwamba waliusikia wimbo ukiendelea. Utafiti wa Kelly Jakubowski na wenzake wa mwaka 2015 uliongeza jambo la kushangaza. Watu walipotakiwa kupiga mapigo ya wimbo uliowajia wenyewe katika shughuli zao za kila siku, kasi waliyoipiga ilikaribia sana kasi ya rekodi halisi. Kinachojirudia, basi, ni nakala ya sauti yenye mwendo na mapigo yake, kuliko kuwa muhtasari wa jambo lililosikika.

Ni nini kinachouamsha? Victoria Williamson na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2012, waliyapanga mazingira yaliyoripotiwa katika mafungu manne: kusikia wimbo hivi karibuni au mara nyingi, kuguswa na kitu kinachoukumbusha, kama mtu, mahali au neno, hali ya hisia, iwe furaha au mashaka, na kulegea kwa umakini, kama pale mtu anapotembea, anapoosha vyombo au anaposubiri usingizi. Abiria wa teksi jijini Kampala ana angalau mawili kati ya hayo kwa mpigo mmoja: muziki usio wa chaguo lake na msongamano usiomwachia la kufanya. Hata hivyo ifahamike kwamba karibu tafiti zote zinazotajwa humu zimefanyika Ulaya na Marekani Kaskazini, mahali ambapo wasikilizaji wengi huuchagua muziki wao wenyewe. Jamii ambamo muziki husikika zaidi hadharani, sokoni, barabarani na kwenye nyumba za ibada, bado inasubiri hesabu yake.

Nyimbo zipi, na hufukuzwaje

Si kila wimbo unaosikika sana hung'ang'ania. Jakubowski, Lauren Stewart, Daniel Müllensiefen na mwenzao walikusanya majibu ya watu 3,000, wakachukua nyimbo 100 zilizotajwa kuwa sumbufu na kuzilinganisha na nyingine 100 zilizokuwa na umaarufu uleule lakini hazikutajwa na yeyote. Nyimbo ng'ang'anizi zilielekea kuwa na mwendo wa kasi zaidi. Mkondo wa mahadhi yake, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka, ulikuwa wa kawaida, wa aina ambayo sikio limekwisha kuizoea. Lakini ndani ya ukawaida huo mlikuwa na jambo lisilotarajiwa: mruko wa sauti usiozoeleka, au marudio mengi kuliko ilivyo desturi. Wimbo wa namna hiyo hushikika kwa sauti ya kwanza, kisha hudai uangaliwe tena.

Kuhusu kuufukuza, jitihada za moja kwa moja hazifai. Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba mtu aliyeamriwa asimfikirie dubu mweupe alimfikiria hata hivyo, na baadaye alimfikiria zaidi kuliko ambaye hakuwa amekatazwa. Kinachosaidia ni kukipa kitanzi kazi nyingine. Ira Hyman na wenzake walipendekeza mwaka 2013 kazi ya maneno yenye ugumu wa wastani, kwa sababu iliyo rahisi mno huacha nafasi, na iliyo ngumu mno humfanya mtu akate tamaa na wimbo ukarudi. Philip Beaman na wenzake, mwaka 2015, waligundua kwamba kutafuna chingamu hupunguza marudio ya wimbo uliotoka kusikilizwa. Mgunduo huo una uzito kuliko unavyosikika. Ikiwa kuushughulisha mdomo hupunguza wimbo wa akilini, basi wimbo huo kwa sehemu fulani ni usemi wa kimyakimya, na ulimi una mkono wake ndani yake.

Umbo hutangulia maana

Wanaopanga programu za umma huvutiwa na nyimbo kwa sababu moja: hazisahauliki. Sababu hiyo ni ya kweli, ila ina sharti. Wanda Wallace alionyesha mwaka 1994 kwamba maneno yaliyoimbwa hukumbukwa vizuri kuliko yaliyosemwa, mradi mahadhi yaleyale yarudiwe ubeti baada ya ubeti mpaka msikilizaji ayamiliki. Waliousikia ubeti mmoja tu hawakupata faida hiyo. David Rubin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu kumbukumbu katika mapokeo simulizi, alieleza kinachotendeka: kina, mizani na mahadhi hupunguza idadi ya maneno yanayoweza kufuata, hivyo aliyesahau neno huongozwa kulipata na nafasi ambayo neno hilo linapaswa kuijaza.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuliona hili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane kila kimoja. Vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachouunganisha utenzi mzima. Mahadhi ni yaleyale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sharti la Wallace linatimia hapo kwa ukamilifu kuliko lilivyotimia maabara. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni wosia wa mama kwa binti yake, na umbo lake ni la kitu kilichokusudiwa kukaa kichwani. Lakini binti aliyeelekezwa alikuwa msemaji wa lugha ile, na alikuwa na watu wa kumfafanulia lililofichika. Utenzi ulihifadhi maneno. Ufafanuzi ulifanywa na nyumba.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu anaweza kuwa na wimbo kamili kichwani bila kuwa na lugha yake. Kote Afrika Mashariki wapo walioimba nyimbo za Kilingala kwa miaka wakiwa hawawezi kuomba maji kwa lugha hiyo. Watalii wengi wameondoka pwani ya Kenya na "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms kichwani, wimbo wa miaka ya 1980, wakiwa na maneno ambayo hawawezi kuyanyambua. Kitanzi cha kifonolojia hakimdai mtu maana kama ada ya kiingilio.

Nyimbo za afya na kipande kinachobaki

Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi alitoa "Attention na SIDA", wimbo mrefu wa Kifaransa na Kilingala unaotahadharisha kuhusu UKIMWI, wakati ambapo wengi wenye mamlaka walikuwa bado wananong'ona. Ushujaa wake hauna mjadala. Lakini wimbo mrefu wa mawaidha una sehemu mbili zisizo na nafasi sawa katika kumbukumbu: maelezo marefu na maneno yanayorudiwa. Kwa kanuni zilizoelezwa hapo juu, kinachotarajiwa kubaki kikijirudia ni onyo, na onyo peke yake halimwambii msikilizaji afanye nini.

Miaka miwili baadaye, nchini Uganda, Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akaimba wimbo wake "Alone", na kufariki Desemba 1989. Wimbo huo haukuwa na maelekezo mengi. Nguvu yake ilitokana na kile ulichofungamana nacho: mtu anayejulikana, uso wake, na miezi yake ya mwisho alipozungukia shule na makanisa. Utafiti wa Benjamin Kubit na Petr Janata unatoa msingi wa kulielewa hilo. Walikuta kwamba kadiri kipande cha muziki kilivyojirudia akilini mwa washiriki, ndivyo walivyokumbuka vizuri zaidi matukio ya filamu waliyoyaona sambamba na muziki huo. Wimbo unaporudi hurudi na mzigo uliokuwa umebebeshwa.

Mzigo huo unaweza kuwa wa sumu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 Desemba 2008 kwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, wala si nyimbo zake, ingawa mahakama ilikubali kwamba nyimbo hizo zilitumiwa katika kampeni ya chuki. Mpaka huo uliwekwa kwa hoja za kisheria kuhusu nani alisambaza nini na lini. Kisaikolojia, nyimbo zilizorudiwa redioni katika wakati wa hofu zilikuwa na kila sharti la kung'ang'ania, na kwa aliyenusurika, kurudi kwa mahadhi hayo bila kuitwa hakuwezi kuwekwa fungu moja na tangazo la sabuni. Mshauri wa sera anayezungumzia nyimbo katika eneo hili anazungumza mbele ya watu wenye kumbukumbu hiyo.

Kuna hatari nyingine ndogo kwa sura, ya kila siku. Lynn Hasher na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kauli inayorudiwa huonekana kuwa ya kweli zaidi kwa sababu tu imerudiwa. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano mapana, uliandamana na uvumi mwingi. Mtunzi anayetaka kuupinga uvumi huvutika kuutaja kwenye kiitikio na kuukanusha kwenye beti. Huo ni mgawanyo mbaya kuliko wote, kwa kuwa kiitikio ndicho kitakachobaki na beti ndizo zitakazopotea.

Sarufi ya Kiswahili inaongeza ugumu wake. Ukanushi hubebwa na silabi moja ndani ya kitenzi: kati ya "tumguse" na "tusimguse" pana "-si-" tu. Silabi hiyo ikiangukia pigo dhaifu, au kipande kinachojirudia kikianza baada yake, agizo hugeuka kinyume chake. Viitikio vyenye kuamrisha jambo la kutenda, kama kunawa mikono, kupiga simu au kumwita mhudumu, havina udhaifu huo.

Kiswahili kinachofika kwa wimbo

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda lilichukua uamuzi kama huo mwaka 2022. Katika nchi zote mbili wanafunzi wengi watakutana na lugha hii darasani, na katika madarasa ya chini watakutana nayo kwa wimbo. Ushahidi unaunga mkono njia hiyo kwa kiasi. Karen Ludke na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo watu wazima walijifunza vifungu vya Kihungaria kwa robo saa. Walioviimba waliweza kuvitamka baadaye vizuri kuliko walioviongea, au walioviongea kwa mapigo. Kilichopimwa hapo ni kutamka vifungu vilevile. Kuunda sentensi mpya ni kazi nyingine.

Kwa wanafunzi wa Kampala na Kigali kuna suala ambalo jaribio la Kihungaria halikuwa na sababu ya kuligusa. Luganda na Kinyarwanda ni lugha za toni, na urefu wa irabu ndani yake hutofautisha maana. Kiswahili hakina toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi, kwa upande wake, hayamtii mwanasarufi. Hurefusha irabu ya mwisho ili kufunga kipande, na huweka pigo zito popote tuni inapotaka. Mzawa wa Kiswahili huujua urefu huo kuwa pambo la wimbo. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza huhesabu urefu wa irabu ana kila sababu ya kudhani ni sehemu ya neno, na kwa kuwa wimbo mng'ang'anizi huhifadhi mwendo na mapigo kwa usahihi, atalirudia kosa kwa usahihi uleule, mara nyingi kwa siku, bila mwalimu kusikia. Walimu wa fonolojia hupenda mfano wa neno "barabara", linalokuwa njia au linalokuwa sawasawa kulingana na mkazo. Wimbo mmoja uliotungwa kizembe unaweza kuufuta mfano huo kabla haujafundishwa.

Dawa yake iko mezani kwa mtunzi. Kiitikio cha wimbo wa darasani kinapaswa kuandikwa kwanza kikiwa usemi, kisomwe kwa sauti na mzawa, mikazo itiwe alama, ndipo mahadhi yatafutwe ya kuifuata. Maneno mapya yakae ndani ya kiitikio, kwa kuwa huko ndiko kitanzi kitakakochota. Kiambishi kinachobadilisha maana, kiwe cha ukanushi, cha wakati au cha ngeli, kipewe pigo zito.

Upimaji nao unahitaji swali tofauti na lile linaloulizwa kwa kawaida. Mtoto aliyejifunza alfabeti kwa tuni, akiulizwa ni herufi gani inayofuata "n", husita, huku midomo ikichezacheza. Anaanza kuimba kimoyomoyo tangu "a". Anazo herufi zote, na bado hana hata moja anayoweza kuitwaa peke yake. Tathmini ya wimbo wa darasani, na vivyo hivyo ya wimbo wa chanjo kijijini, ianzie katikati, bila mahadhi, siku kadhaa baada ya somo: neno litolewe kwenye nafasi yake na kuwekwa katika sentensi ambayo wimbo haukuwahi kuisema, kisha msikilizaji aulizwe, kwa lugha anayoijua zaidi, linamtaka afanye nini.